Nusu ya Barua Niliyoisoma Usinge

Bi Bimdogo wa Ukurasa wa Ushauri, shikamoo.

Kabla sijaomba msaada wako naungama jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote ila mmoja, hata padri, kwa sababu padri huja ofisini kwetu kila Jumanne na sauti yangu ataitambua hata nikisemea puani: nimewasomea watu barua ya ndugu yangu mbele ya kijiji kizima, nikasoma nusu, na nusu nyingine nimeificha katika sanduku langu la shule chini ya sare, na kwa ajili hiyo kijana mmoja ametia dole gumba na Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu atapakiwa katika gari moshi kwenda kukata mkonge.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nimemaliza darasa la nane kwa masista, nakaa Gongoni kwa shangazi yangu Flavia, na ni mtu wa haya, mtu akinisalimu ghafla naangusha nilichoshika, lakini baba yangu mkubwa, Eustace, alinitafutia kazi kwa Bwana Thuwaini, mwenye ofisi ya kuandikisha vijana wa vijijini na kuwapeleka mashamba ya mkonge upande wa Morogoro. Watu huwaita manamba. Sisi ofisini neno hilo hatulitumii, tunasema "jamaa zetu." Bwana Thuwaini ni mtu mwema sana, kila mtu anasema hivyo na yeye mwenyewe anasema hivyo. Babu yake aliandikisha wapagazi wa misafara hapa hapa Tabora, naye husema kazi ni ile ile ila mzigo umebadilika. Kukiwa na msiba yeye ndiye wa kwanza kufika na sukari, na kabla matanga hayajaanuliwa ameshajua nyumba ile imebakiwa na vijana wangapi wasio na shughuli. Kukiwa na ubatizo huleta mchele, ingawa yeye ni Mwislamu, humshika mtoto mkononi, humgeuza, husema, "Huyu ana mabega."

Kazi yangu ni kusoma. Jamaa zetu walioko huko huandika nyumbani kwa anwani ya ofisi, na baba mkubwa, ambaye ni wakala wetu wa Usinge, hukusanya watu mbele ya nyumba ya jumbe, ngoma inapigwa kidogo, blanketi jekundu linatandazwa ili kila mtu aone anayeandikishwa hupewa nini, Bwana Thuwaini anawaamkia wote "mwangaluka" kwa Kinyamwezi kizuri kuliko changu, kisha mimi nasimama nasoma barua, na watu wakishasikia kwamba fulani ni mzima na anakula nyama, daftari linafunguliwa.

Siku hiyo ilikuwapo barua ya Dionis. Dionis ni mtoto wa marehemu baba yangu mdogo, kwa hiyo ni kaka yangu, na mama yake, mama mdogo Benedikta, alikuwa ameketi mbele kabisa, amevaa nguo ya kanisani kwa heshima ya barua. Nikaanza: "Mama, nakusalimu sana, mimi ni mzima isipokuwa..." Nikanyamaza hapo, maana macho yangu yalikuwa yametangulia. Dionis ameandika kwamba mwiba wa mkonge ulimwingia mguuni tangu masika, mguu umevimba hata viatu haviingii, nyapara anasema anajitegea, na siku anazolala mgonjwa haziandikwi katika kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, kwa hiyo kipande hakiishi na yeye haondoki.

Bi Bimdogo, wewe ni mtu wa mjini na labda hujui, lakini kwetu mtoto hamwambii mama mzazi habari mbaya mbele ya watu. Habari mbaya hupelekwa kwanza kwa mwanamume mkubwa wa ukoo, yeye ndiye huchagua saa na maneno. Nililelewa hivyo. Basi nikameza mate.

Mama mdogo akauliza, "Mbona umenyamaza, mwanangu? Karatasi imekwisha?"

Nikasema, "Anasema anamkumbuka sana Sylvester."

Sylvester ni mdogo wake Dionis, ndiye mtoto pekee aliyebaki nyumbani. Na maneno hayo ni ya kweli, yameandikwa, ila yameandikwa hivi: "Namkumbuka sana Sylvester, na kwa hiyo nasema asije huku hata akipewa blanketi mbili."

Mama mdogo akapiga vigelegele. "Sylvester! Kaka yako anakuita, nawe umekaa kama jiwe la kusagia!"

Baba mkubwa naye akasimama. "Babu zenu walibeba pembe kichwani mpaka pwani kwa miguu, na aliyerudia njiani hakupewa mke. Nyinyi mnaletewa gari moshi, mnauliza kama lina viti!"

Sylvester akacheka. "Baba mkubwa, mbona wewe hukulipanda?"

"Mimi nina kifua," akasema baba mkubwa, akakohoa, watu wakavunjika mbavu, na katika kicheko hicho Sylvester akaenda akatia dole gumba. Wengine wanne wakamfuata.

Tulipokuwa njiani kurudi stesheni nilimpa baba mkubwa habari yote, nikampa na barua, akaisoma polepole, akanirudishia. Akasema, "Habari hii umenikabidhi, sasa ni yangu. Nitaisema siku yake ikifika." Wiki tatu zimepita na siku yake haijafika. Bwana Thuwaini amemwahidi baiskeli akifikisha vijana hamsini, na Sylvester na wale wanne wamemfikisha arobaini na saba, naomba Mungu anisamehe kwa kuwaza kwamba siku hiyo ina magurudumu mawili.

Mimi nimepandishwa cheo. Bwana Thuwaini aliniita akasema, "Binti, sauti yako inaandikisha watu kuliko blanketi." Mwezi ujao nitasoma hata vijiji vya Tura. Shuleni masista walikuwa wakinisihi niongeze sauti, leo nimesifiwa, na sijalala vizuri tangu nisifiwe.

Sasa nimefikiri njia moja. Naujua mwandiko wa Dionis, naweza kuuiga, basi nataka kuandika barua mpya kana kwamba imeletwa na posta ya juzi, inayosema mguu unauma na Sylvester asije, kisha niisome Usinge kama nilivyosoma ile ya kwanza. Hivyo mama mdogo hatajua nilimficha, baba mkubwa hataaibika, kazi yangu itabaki, na Sylvester atabaki pia. Je, ni dhambi kubwa? Na kama ni dhambi, ni kubwa kuliko ile ya kwanza au zinalingana? Shangazi Flavia ananiuliza kila siku mbona sili, namwambia ni jino.

Nakuomba kwa heshima zote, usitaje jina langu wala usimwambie mtu yeyote habari hii, iwe siri yangu na yako tu.

Mimi,
Msomaji, Gongoni

JIBU

Marahaba, binti.

Umeandikia gazeti ukaomba siri. Jina lako nimelifuta kama ulivyotaka, ingawa wasomaji wa barua wa kike pale Gongoni sidhani kama wanajaza benchi moja. Nimekuchapa makusudi. Ningekujibu kwa bahasha ungeisoma nusu.

Kwanza nikupe haki yako. Wewe si mwongo wa tabia. Ulisimama mbele ya kijiji na habari chungu mdomoni, una miaka kumi na sita, ukafanya ulivyofundishwa. Mimi ni mtu wa mjini, kweli, lakini mama yangu alizaliwa kijijini na desturi hiyo naijua: habari mbaya humwendea mkubwa ili mama asiipokee peke yake katikati ya macho ya watu. Ni desturi ya huruma. Haikuwekwa ili mkubwa aikalie habari kama kuku wa mayai mpaka ianguliwe baiskeli. Mkubwa akiwa na faida katika kunyamaza, hana tena ukubwa katika jambo hilo. Anabaki kuwa mtu mwenye kifua.

Bwana Thuwaini wako mwema nimempenda. Mtu anayekuja msibani na sukari akahesabu vijana, na kwenye ubatizo akapima mabega, huyo ana moyo mkunjufu, anawapenda watu wenu tangu utotoni mpaka Morogoro. Simlaumu sana, yeye anafanya biashara ya babu yake na wala hajifichi. Blanketi lake liko wazi, kila mtu analiona ni jekundu. Kilichokuwa hakionekani ni ile nusu ya barua, na hiyo haikushikwa na yeye.

Sasa nije kwenye njia yako. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimelazimika kuweka miwani chini. Unayo barua ya Dionis, aliyoiandika Dionis kwa mkono wa Dionis, inayosema mguu unauma na Sylvester asije. Iko sandukuni, chini ya sare. Nawe unataka kughushi barua ya Dionis itakayosema mguu unauma na Sylvester asije! Masista walikufundisha hesabu kweli? Unataka kuiba kilicho chako. Na huyo Dionis akirudi siku moja akaulizwa habari ya barua yake ya pili, utamwendea umwombe naye aseme uongo?

Unaniuliza dhambi ipi kubwa. Mimi si padri, na wako unamkimbia kila Jumanne, lakini nitakuambia nilichokiona katika barua yako. Umeandika habari za aibu yako, heshima ya baba mkubwa, cheo chako, na safari ya Sylvester. Hayo yote yana maana. Lakini yuko mtu mguu wake unavimba tangu masika, hana kiatu, haandikiwi siku, na aliandika nyumbani akidhani nyumbani wamesikia. Wiki tatu anangoja jibu. Kila jioni anafikiri, mama yangu ameambiwa, sasa anafanya nini? Mama yake amevaa nguo ya kanisani anapiga vigelegele. Katika kurasa zako zote hukuniuliza hata mara moja Dionis afanyiwe nini.

Nisikilize sasa, maana gazeti hili linatoka Jumamosi na gari lenu linaondoka Alhamisi. Likishapita Tura, ushauri wangu utafaa kufungia maandazi.

Leo hii, ukimaliza kusoma hapa, mwambie shangazi Flavia kwamba jino ni zima. Mpe barua aisome yeye mwenyewe. Ni dada yake Eustace, amemwona akiwa hana suruali, kifua chake hakimtishi. Kesho mpande wote wawili gari la kwenda Usinge. Usiende kwa jumbe, usingoje ngoma. Nendeni nyumbani kwa mama Benedikta, mumkute amekaa, shangazi akae upande wake mmoja na wewe upande mwingine. Hivyo desturi yenu mtakuwa mmeiheshimu kuliko alivyoiheshimu mwenye kuitunza. Mwombe msamaha kabla hujaifungua barua, usiseme ulifanya kwa ajili yake, sema uliogopa. Kisha soma. Ukifika kwenye "isipokuwa," usimeze mate. Endelea mpaka jina la Dionis chini.

Atalia, pengine atakufukuza. Kaa uani mpaka akuite.

Sylvester dole lake halijamfunga bado. Kabla ya safari hao vijana hupelekwa bomani mbele ya Bwana Shauri, yule mkuu wa serikali wa wilaya, na kila mmoja huulizwa kama anakwenda kwa hiari yake. Wengi hujibu ndiyo kwa sababu wamefundishwa na wakala wao njiani kujibu ndiyo. Yeye ajibu hapana, kwa sauti, na blanketi alirudishe likiwa limekunjwa, asije akaitwa mwizi. Wale wanne waliomfuata nao wana mama zao, na barua ile waliisikia nusu kama yeye, kwa hiyo wasomee nao. Na mguu wa Dionis usemwe hapo hapo bomani, mbele ya karani anayeandika, litajwe shamba analofanya kazi na tangu lini anaumwa. Shangazi na aseme, wewe mshikie barua.

Kazi yako? Itakwisha, mwanangu, usijidanganye. Bwana Thuwaini atakuja kukupa pole na sukari. Baba mkubwa hatakusalimu mpaka Krismasi, na arobaini na sita si hamsini. Utaishi. Binti anayejua kusoma hapotei Tabora, nusu ya mji inatafuta mtu wa kuisomea na nusu nyingine inatafuta mtu wa kuiandikia.

Na hilo la kuandika ndilo la mwisho. Siku hiyo hiyo Usinge, usiondoke. Mama Benedikta akishapumua atataka barua ya mwanawe ijibiwe. Chukua kalamu, kaa chini karibu naye, uandike maneno yake kama atakavyoyatoa, neno kwa neno, hata yakianza kwa kukulaani wewe.