Bendera Ilipita, Gari Halikupita

Alhamisi. Mvua ya asubuhi ilikatika mapema, na mji mzima unanuka magugu ya ziwani. Sina hasira wala huzuni. Nimechoka tu.

Baba Odongo alikuja ofisini leo. Ni ndugu mdogo wa marehemu baba yangu. Ndiye aliyenisomesha, na mama yangu huko Bondo bado anaishi katika nyumba aliyomjengea. Baba Odongo mwenyewe ana hoteli hapa Kisumu. Mwaka huu nchi moja ya Ulaya imemteua kuwa balozi mdogo wa heshima. Hana mshahara, ila raia wao wakipoteza pasipoti au wakiugua huku, yeye ndiye wa kuwasaidia.

Mimi ni afisa wa forodha. Vitu vya ofisi yake vilipofika kutoka nchi hiyo, yaani bendera, muhuri, kibao cha mlangoni na meza, nilivipitisha bila ushuru. Sheria ya kimataifa inaruhusu.

Leo alitaka nipitishe na gari.

“Nyathina,” aliniita, mwanangu, “balozi halipi ushuru. Kila mtu anajua.”

“Baba, huyo ni balozi aliyetumwa kutoka kwao. Wewe ni Mkenya, na gari ni lako mwenyewe.”

“Kwa hivyo mgeni asamehewe, mimi mwenye nchi nilipe?”

“Ndiyo, Baba. Serikali haiitozi serikali nyingine kodi. Lakini wewe si serikali yao. Wewe ni wetu.”

Nilidhani neno hilo la mwisho lingemtuliza. Lilimchoma. Alichukua kofia yake, akasema kwa sauti ya chini, “Wetu, siku ya kulipa,” akatoka.

Nilimweleza mkubwa wangu kwamba huyu ni jamaa yangu, nikamwomba aamue mwenyewe. Akaamua vilevile.

Jioni mama alipiga simu. Hakuuliza sheria inasema nini.

“Mzee amenipigia. Anasema umemkana.”

Sikumkana.

Nimelirudia neno hilo nikiosha vyombo, na bado halijanitosha. Uamuzi wangu ulikuwa sawa, hilo silitilii shaka. Lakini nilimjibu nikiwa nimeketi upande wangu wa meza, naye amesimama, na wala sikumkaribisha kiti.

Kesho nikitoka kazini nitaenda kwake. La gari sitalitaja. Asiponifungulia, nitangoja hapo nje hadi ajue aliyekuja ni mtoto wake, si afisa.