Kapla za Mzee Filipo

Jumatatu, 3 Februari
Nimepanda maharage ya pili. Mgongo unaniuma. Mwalimu wa kisomo pale kanisani alisema tuandike mara kwa mara, herufi zisitoroke. Basi naandika. Mimi shule niliiona ukuta tu.

Filipo kagombana na waya leo. Mabehewa yake ya bati, ya kuchezea, ni mazuri, mume wangu simnyimi sifa yake. Fundi baiskeli alimpindia ndoano ndogo za kuyaunganisha. Yanavutana vizuri tu. Mzee kazing'oa zote. Ati behewa la kweli lina kapla: vyuma viwili vinavyoumana kama ngumi zilizopitana vidole. Ndiyo kazi aliyofanya reli ya Kigoma mpaka akazeeka. "Ndoano ni za samaki," kasema. Haya, bwana mkubwa.

Keza kamcheka babu yake mpaka kakaa chini. Miaka miwili, na ulimi wa kasuku. Mama yake, binti yangu Spesi, anauza mitumba Nyarugusu, mtoto yuko kwangu. Huyu ni roho yangu.

Jumamosi, 8 Februari
Filipo kaleta betri mbovu za sola kutoka kwa mafundi wa stendi. Kazipasua kwa shoka. Ndani mna risasi, ile laini ya kijivu. Kaiyeyusha kwenye mafiga yangu, ndani ya sufuria yangu ya maharage! Nimemtukana mpaka jirani katoka nje.

Kaimimina kwenye kalibu ya udongo wa kichuguu. Ikatoka kapla. Kweli inauma na kushika. Sufuria nimeisugua kwa mchanga, nikapika.

Ule moshi una utamu mbaya kooni.

Jumapili, 16 Februari
Kuku wawili wamekufa. Si kideri, kideri nakijua. Hawa walizunguka, shingo zikalegea, wakaanguka. Walikuwa wanachakura majivu jikoni.

Filipo hana habari na kuku. Kapla anaziona kubwa mno, za kitoto. Anaziyeyusha upya, anamimina ndogo zaidi. Kila jioni moshi.

Keza analalamika tumbo. Nimemkanda kwa mawese.

Ijumaa, 28 Februari
Keza hapati choo. Uji anautema. Kutwa kapla iko mkononi, anainyonya. Niliichukua, akalia. Nikamrudishia. Nilitaka anyamaze.

Jirani yangu Mama Yeremia anasema mtoto karogwa, nimpeleke kwa mtu mmoja huko Munanila. Nimemwambia mchawi gani atahangaika na sisi, hata mbuzi hatuna. Kaondoka kanuna. Kuku wa tatu kafa. Silali vizuri.

Jumanne, 4 Machi
Keza kasimama mlangoni. Kazunguka. Shingo ikalegea. Kaanguka.

Niliwaona kuku. Mana yanje, Mungu wangu, niliwaona kuku wale wale.

"Baba Spesi," nikamwambia, "wale kuku."
"Kuku ni kuku."
"Na huyu?"

Bodaboda mpaka hospitali ya Kibondo. Kibondo wakatutia kwenye gari la wagonjwa mpaka Kasulu. Njiani mtoto kakakamaa mikononi mwangu. Nimeimba nyimbo zote ninazozijua. Sauti imekauka.

Jumatano, 5 Machi
Daktari ni msichana mdogo. Kauliza, "Bibi, nyumbani mnayeyusha kitu chochote?" Nimemwambia yote, na sufuria nimemwambia. Kalamu yake ikasimama.

Ni sumu ya risasi. Imeingia kwenye damu, inakwenda kichwani. Damu imepelekwa mbali kupimwa. Dawa inatafutwa. Anaweza kupona. Anaweza kupona asiwe yule yule. Katukataza kupika tena kwenye mafiga yale. Na sisi tupimwe.

Spesi kafika mchana. Hakumwamkia baba yake.

"Mwanangu, nilitaka ziwe za kweli," Filipo kasema.
"Zimekuwa za kweli, baba."

Natamani angempiga. Ingekuwa afadhali.

Jumatatu, 10 Machi
Dawa imefika jana. Leo Keza kafungua macho. Kanitazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina. Hakucheka. Hakusema neno. Kameza uji kidogo, haukurudi.

Spesi kalala sakafuni chini ya kitanda cha mwanawe. Nimemfunika kitenge.

Filipo yuko kwenye benchi nje ya wodi tangu tuje. Haombi chakula, hapewi. Nina hasira naye mpaka meno yananiuma. Nimechota maji, nimechukua sabuni, nimekaa naye. Nimemnawisha mikono, kucha kwa kucha, maji yakatoka ya kijivu. Nikamwaga, nikachota mengine. Kisha nimemmenyea kiazi.

Amekula. Mvua inanyesha Kasulu yote.