Hisa za Kuazima

Jumatatu, 3 Septemba 1973
Wazimu umeingia mjini. Johari Nyika! Kampuni ya kuchimba rubi ambayo haijatoa hata kokoto, na leo hisa moja imefika shilingi sita. Mwezi jana ilikuwa mbili. Kivuva, karani wa wakala wa hisa wa ghorofa ya chini, ameuza pikipiki yake anunue. Nimemwambia vizuri, atembee apunguze tumbo. Mgodi wenyewe nimeuona mimi — shimo na mbuzi wawili.

Jumatano, 5 Septemba
Shangazi Khamisa ana hisa elfu mbili za Johari, aliachiwa na marehemu mumewe. Nimemwomba aniazime mwezi mmoja. Naziuza sasa, bei ikianguka nanunua zingine kwa bei ya kutupa, namrudishia idadi ile ile, kinachobaki changu. Yeye anauza kanga Biashara Street, hisa atajulia wapi? Akauliza, na ukishindwa kurudisha? Nikamwambia chukua nyumba yangu ya mtaa wa Jamhuri, Shangazi! Tukacheka sana. Akasema haya, liandike hilo. Nikaandika, nikatia sahihi.

Ijumaa, 7 Septemba
Zimekwenda zote! Elfu kumi na mbili mfukoni. Nimemnunulia mke wangu Mgeni makochi, anaimba tangu jioni. Ofisini nimesema Shangazi nitamrudishia karatasi za kufungia vitumbua. Kivuva naye alikuwepo. Walicheka mpaka machozi.

Jumanne, 18 Septemba
Tisa. Watu wamerogwa. Sina haraka.

Jumatatu, 24 Septemba
Kumi na tano! Nimetaka kununua nijitoe — hakuna anayeuza. Hata hisa mia hakuna! Nimepigia mawakala wote, jibu moja. Na kila nikiuliza bei inapanda, maana wanajua kuna mtu amebanwa. Mtu mwenyewe mimi. Nimemfokea Mgeni kwa ajili ya chai, eti baridi. Haikuwa baridi.

Alhamisi, 27 Septemba
Kivuva amepanda ngazi mwenyewe kuniambia. "Jabir, unatafuta Johari? Hiyo yote iko na mama moja tu wa Biashara Street. Ananunua kwetu polepole tangu ile wiki uliuza yako. Hata yangu nimemuuzia jana. Si ni anti yako huyo?" Alicheka mpaka akakaa chini.
Kumbe hata zile nilizouza mimi, alizinunua mwenyewe!

Ijumaa, 28 Septemba
Nimempigia magoti dukani, wateja wakitazama. Nikasema nampa zile elfu kumi na mbili, na elfu tano juu. Hakuacha kukunja kanga.
"Mimi nilikuazima hisa, mwanangu. Sikukukopesha pesa. Cha kuazima hurudi chenyewe."
Basi niuzie, Shangazi!
"Ishirini na nane moja."
Elfu hamsini na sita! Kwa shimo na mbuzi!
"Najua ni shimo. Ndiyo maana naona heri nyumba." Akaongeza kwamba habari ya vitumbua imemfikia, na imempendeza.
Mshenzi wa mwanamke! Damu ya baba yangu!

Jumapili, 30 Septemba
Imo gazetini. Mgodi wa Johari hauna rubi, umefungwa. Nilikuwa sahihi! Tangu siku ya kwanza nilikuwa sahihi, na haijanisaidia hata chembe. Hisa hazifikii bei ya sahani ya maharagwe, lakini Ijumaa mwezi unatimia, lazima nizirudishe, na anayezo ni Shangazi peke yake. Hauzi.
Amekuja leo mchana bila kuitwa. Mgeni hajui lolote — sina ulimi wa kumwambia. Amefurahi mno, Shangazi hajawahi kufika kwetu. Amempikia pilau. Sasa anamtembeza nyumba nzima, nawasikia kupitia ukuta. Wako chumba cha watoto. Shangazi anauliza mvua kubwa ikinyesha, maji huingia dirishani? Mgeni anasema hata tone, nyumba hii imara, Shangazi, ungeipenda. Shangazi anauliza jua la asubuhi linaingilia wapi.
Mgeni ananiita nije nimfungulie stoo aione.