Chaki ya Mgombea

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mungu akulaze pema. Sina mwingine wa kumwambia haya akanielewa, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Wakumbuka ile Ijumaa, kwetu Mambrui, umetoka kufundisha nami nakupigia pasi kanzu ya kuendea msikitini? Ukanifunza neno la Kiingereza, 'candidate', kwetu mgombea. Ulisema asili yake ni Kilatini, 'candidus', yaani nyeupe ya kung'aa. Warumi wa kale wakitaka cheo walizipaka chaki nguo zao, watu wawaone safi. Nikaitazama suruali yako ya shule, chaki tele magotini. "Basi wewe wagombea kila siku!" Ulicheka hadi ukakohoa. Kisha ukaniambia, "Chaki huanguka, mwanangu. Watu hutazama kilichobaki."

Mwaka uleule ukagombea udiwani. Na hapa, Baba, niwie radhi, nina hasira nawe hadi leo. Ndugu yako, Ami Salim, naye akikitaka kiti hicho, alikuja na wazee, kahawa na halwa. Mkazungumza habari za mvua na bei ya samaki, kisha akasema, "Al-Fatiha." Ukainua mikono kwa mazoea, hukuuliza ni ya nini. Mliposema amin, kumbe ushamwachia kiti yeye! "Fatiha ishasomwa," ukaniambia. "Ikisomwa mbele ya wazee, neno limefungwa. Sina la kufanya." Mabango yako tukayafanya majalada ya madaftari.

Sasa nagombea mie, uwakilishi wadi. Juzi Ami Salim kaja tena na halwa yake, ataka nimpishe mwanawe. Hakusema hivyo, alisema tu, "Al-Fatiha." Wote wakainua mikono. Mie yangu nikaiacha mapajani.

"Ya nini, Ami?"

Lo! Mama akanikata jicho.

"Ya kheri tu, mwanangu."

"Kama ni ya kumrehemu Baba, tusome. Kama ni ya kunitoa kwenye uchaguzi, mie simo."

Tukakusomea wewe, Baba.

Mtaani wasema sina adabu. Usidhani siogopi, tangu juzi Mama hajanisemesha. Lakini sirudi nyuma. Kesho saa tatu asubuhi napeleka karatasi zangu kwa msimamizi wa uchaguzi. Watu wakinikataa, na wanikatae wao wenyewe, kwa kura zao.

Niombee huko uliko.

Ni mie, bintiyo mkaidi