Mkono Uliovunja Dawa

Kalundu, Uvira, Juni 1964

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao Geneviève. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na kwamba kifua kimepunguza kukusumbua tangu mvua ikatike. Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho sikielewi. Baba mdogo Kayumba msalimie sana, nina kazi naye, utaiona chini.

Uliniuliza kama nina habari za mdogo wangu Sévère tangu shule yake ifungwe. Nitakujibu. Nakuomba tu usome kwa mpangilio, usiruke mistari.

Wapiganaji wa Simba walipoingia mjini, daktari alikuwa amekwisha kuvuka kwenda Bujumbura. Wauguzi wanaume walichukuliwa kwenda vitani. Nimebaki muuguzi peke yangu, infirmière kama wanavyoniita, kwenye dispansere ya bandarini. Zamani hospitalini kazi yangu ilikuwa na mipaka: daktari aliamuru, mimi nikatenda. Hata uhuru ulipofika hilo halikubadilika. Masista walitufundisha kwamba ugonjwa wa mtu ni siri yake, na kwamba mwili wake ni wake, usiuguse kabla hajakubali. Darasani mambo hayo mawili yalikaa pamoja bila shida. Hapa yanagombana.

Ninyi huko Lubarika mnaye mganga anayewaosha wapiganaji kwa dawa, kwa hiyo miiko yao unaijua kuliko mimi. Aliyeoshwa risasi haimwingii, ila asiguswe na mwanamke. Ikimwingia, wenzake husema amevunja mwiko, na humhukumu wenyewe. Hukumu hizo tumeziona hapa sokoni.

Juma lililopita mpiganaji mmoja alikuja peke yake akifuata ufuko, akaanguka mlangoni pangu. Alikuwa na homa kali na hana fahamu. Nilipopasua suruali nikakuta jeraha la risasi pajani, limeanza kunuka. Hakuwepo mwanamume wa kunisaidia. Nilisafisha, nikatoa kipande cha chuma, nikamchoma penisilini niliyokuwa nimebakiza, nikamfunika blanketi hadi shingoni. Sikumwomba ruhusa. Hakuwa na sikio la kuombwa.

Kesho yake komanda alipita kutafuta watu wake. Akasimama mbele ya kitanda akauliza:

“Mama infirmière, huyu iko na nini?”

Nikasema ana homa. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Akacheka, akasema siku hizi homa imekuwa maficho ya waoga, akanyoosha mkono kufunua blanketi. Nikamwambia blanketi hilo nimelishika mimi, na mgonjwa mwenyewe nimemshika mwili mzima, nami ni mwanamke. Kama dawa yake inaruhusu, afunue.

Mkono ukarudi. Alifoka kwamba sasa kijana ameharibika, na kwamba akiweza kusimama aende Lubarika kuoshwa upya. Kisha akaondoka, akipita mbali na mimi kama mtu anayekwepa moto.

Sijui nilidanganya au sikudanganya. Dawa hiyo mimi siiamini, lakini niliitumia. Nilipogeuka, mgonjwa alikuwa amefumbua macho. Alikuwa amesikia yote.

“Weye ulinigusa?” akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo.

“Minye sikukuomba.”

Nilimweleza kwamba angekufa. Akasema sasa atakufa kwa hakika, na risasi yoyote, hata iliyopotea njia, itamtafuta yeye. Akageukia ukuta akalia. Tangu hapo akakataa nisimsogelee. Bandeji ikalowa, nami nikawa nimesimama na nyingine safi mkononi, sina pa kuiweka. Mwishowe nilivuta kiti mbali na kitanda, nikapandisha kitenge changu, nikajifunga bandeji pajani mwangu polepole. Alitazama. Nikamrushia yake, akajifunga kama alivyoona.

Juzi asubuhi amekwenda. Jeraha bado liko wazi. Amesema anafuata amri, anakwenda kuoshwa. Nilimwambia mganga akimvua nguo ataona jeraha, na atahukumiwa. Aliniagiza neno moja tu: nisikuandikie.

Ndiyo, Mama. Ni Sévère. Nilimtambua alipoanguka. Sikusema tangu juu kwamba mgonjwa ni yeye, kwa sababu usingesoma tena habari za jeraha, nazo ndizo unazozihitaji. Siri ya mgonjwa nimeivunja. Kama ni muuguzi aliyekosa au ni dada aliyefanya sawa, sijui, na hapa hakuna wa kumuuliza.

Anatembea kwa shida na hujificha mchana, kwa hiyo barua inaweza kumtangulia. Akipita nyumbani kwanza, mzuie asifike kwa mganga mpaka kidonda kifunge. Chemsha maji na chumvi kidogo, yapoe. Baba mdogo Kayumba ndiye amwoshe. Wewe usimguse. Atakukataa, na usiumie: anadhani mkono wa mwanamke umemuua tayari. Baba mdogo asipokuwepo, kaa mbali kidogo na ujifunge mguu wako mwenyewe. Atafuata.

Barua inaletwa na Mama Anne, muuza samaki wa ndagala. Hajui kilichomo. Mpe chakula kabla hajarudi. Wasalimie wote wa nyumbani, na jirani atakayeuliza habari zangu mwambie nafanya kazi.

Mimi binti yako,

Geneviève