Mzigo Uitwao Ngoja Kidogo

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumai kifua kimepoa na wateja wa saluni hawakuchoshi. Sisi wazima, ila mimi usingizi unanipiga chenga.

Ofisini bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Tunaunda programu ya kampuni ya kusafirisha mizigo. Kwa kompyuta, maandishi ni kitu kimoja, na Mzigo, aina tuliyoibuni wenyewe yenye uzito na anwani, ni kingine. Ukiweka maandishi mahali pa Mzigo, inakataa. Ilinikatalia hadi nikachoka, nikaifungulia njia: maandishi yoyote yajigeuze Mzigo kimyakimya. Ikaacha kulalamika.

Kuhusu kuja kufanya kazi kwako, nitakuandikia.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimepoa, ulimi ndio bado.

Nimengoja neno lako, kimya. Basi nimejua umekubali. Wewe tangu utotoni ukinyamaza ni ndiyo. Kitanda nimetandika. Yule msichana wa kusuka nimemwambia mwisho wa mwezi aondoke, kiti ni chako. Baba yako ameridhia. Njoo Jumapili.

Shangazi yako

21 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe mwandiko, naandika haraka nisije nikaghairi.

Jana karani wa kaunta, akiwa anamjibu mteja, aliandika "ngoja kidogo" kwenye kisanduku cha Mzigo. Programu haikuuliza kitu. Ikaunda Mzigo uitwao Ngoja Kidogo, uzito sifuri, anwani hakuna, ikamtuma dereva akauchukue. Alizunguka mchana kutwa. Aliporudi akasema, "Jamani, huyu Ngoja Kidogo anakaa wapi?" Ofisi nzima ikacheka. Mimi nikajifungia chooni.

Bosi aliniita, nikajua nafukuzwa. Akaniambia, "Binti, programu yako imerithi tabia yako. Kila ikiambiwa, inaitikia tu."

Ile njia nimeifunga. Anayetaka Mzigo sasa atamke wazi kuwa ni Mzigo, la sivyo inamkatalia.

Shangazi, kimya changu hakikuwa ndiyo. Niliogopa kuliandika neno lenyewe. Hapana, siji. Tafadhali yule dada abaki kwenye kiti chake. Baba nitamwambia mwenyewe leo akirudi.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hapana yako imefika. Nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili sikuipenda.

Kitanda nimekitandua. Msichana wa kusuka anakusalimu. Anauliza Ngoja Kidogo amepatikana?

Shangazi yako