Njiwa wa Neema

Jumanne, jioni.

Na bado siwezi kuufurahia ushindi huu. Kwa miaka mingi jirani yangu Bahati, mfugaji mwenzangu wa njiwa, ameshikilia kwamba njiwa akishataga katika nyumba mpya huisahau ile ya kwanza. Mimi humdai ushahidi. Leo njiwa niliyempa binti yangu Neema alipoolewa Kimanga, ambaye ana makinda huko, ametua juu ya paa langu hapa Kasenga.

Tangu mapigano yaanze barabara imefungwa. Hakuna apitaye, wala habari.

"Umenishinda, mzee," alisema Bahati. "Ila furahi basi. Kama njiwa iko muzima, Neema naye iko muzima."

"Hilo halijathibitika."

"Weye kila siku ushahidi, ushahidi. Hata leo?"

Hata leo. Njiwa ameonyesha kwamba anaikumbuka nyumba yetu. Hakuonyesha ni nani aliyemfungulia kizimba, wala kwa nini ameyaacha makinda yake.

Mungu anajua jinsi nilivyotamani kukubali.

Bahati aliniomba tusali. Tulipiga magoti, nami, katekista wa miaka yote hii, sikujua nianze sala ya wasafiri au ya marehemu.